Kibali cha kukarabati nyumba ya wazee Dar: niliyopitia kuanzia mirathi mpaka zege (uzi mrefu)

BintiSaidi:

Wakuu, habari za wakati huu. Kuna watu humu waliniomba niandike haya tangu mwaka jana, nikawa naahirisha kwa sababu kazi ilikuwa haijafika pa kueleweka. Sasa imefika. Naomba mnivumilie, ni maelezo marefu.

Nyumba ni ya wazazi wetu, hapa Dar, kwenye viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970 kwenye ule mradi wa viwanja na huduma uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Baba aliijenga kidogo kidogo kwa mshahara, wakahamia kabla hata ya kupiga plasta. Alifariki 2016. Mama bado anaishi humo. Choo kiko uani, na magoti ya mama yamechoka. Usiku wa mvua ameshateleza mara mbili. Tukakaa ndugu wote wanne tukakubaliana: tubomoe ukuta kati ya sebule na chumba cha mbele, tuongeze jiko na choo cha ndani upande wa nyuma, na juu tupandishe vyumba viwili vya kupangisha ili kodi isaidie dawa za mama.

Fundi alikuja, akatembea ndani na nje, akaniambia, "Dada, hii nyumba imeshasimama miaka yote hiyo. Kibali ni cha wanaoanza msingi." Nikamwamini. Nilidhani nafahamu mambo ya mjini, kumbe hili sikulijua hata kidogo.

Siku ya tatu ya kazi, ukuta ukiwa umebomolewa nusu, alikuja mtendaji wa mtaa na mkaguzi wa majengo wa manispaa. Hawakugomba. Walisalimia, wakamuuliza mama mwenye nyumba ni nani, wakaomba kuona kibali. Hakuna. Basi ukuta wa mbele ukaandikwa kwa rangi nyekundu: X kubwa, chini yake SIMAMISHA UJENZI LETA KIBALI, na tarehe. Ule ukuta baba aliupaka chokaa kila inapokaribia Idi. Mama alitoa kiti chake cha kamba barazani, akakaa akiutazama mpaka magharibi.

Kesho yake nikaenda manispaa. Niseme wazi, niliyekutana naye dirishani alinieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Ndipo nikajua kuwa kisheria kubadilisha jengo lililopo kunahesabika kuwa ni uendelezaji. Ukigusa ukuta unaobeba, ukiongeza chumba, ukipandisha ghorofa, ukihamisha karo la choo, au ukigeuza makazi kuwa duka, unaomba kibali kama anayejenga upya. Kupaka rangi, kubadilisha vigae au milango, kuondoa bati lililotoboka na kuweka lingine, hayo hayakunidai mchoro. Ila kuna halmashauri zinatoa kibali cha ukarabati mdogo hata kwa hayo, kwa hiyo muulize mtendaji wako kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji.

Akanipa orodha ya viambatanisho. Hati au barua ya toleo, risiti ya pango la ardhi, michoro ya usanifu, na kwa ghorofa michoro ya uimara wa jengo iliyopigwa muhuri na mhandisi. Alipofungua hati akauliza, "Huyu Saidi ndiye mwombaji?" Nikamwambia ni marehemu baba. Akaifunga taratibu, akanirudishia.

Hapo ndipo mwaka wangu ulipokwenda. Sikukwama kwa mchoro wala kwa ada. Nilikwama kwa jina la mtu aliyelala Kisutu tangu 2016, na sisi watoto wake hatukuwahi kufungua mirathi kwa sababu hatukuwa na ugomvi. Nyumba za wazee wetu nyingi ziko hivyohivyo.

Naendelea chini, ngoja nimpeleke mama kliniki kwanza.


Kaka wa Tandika:

Dada pole sana, na shikamoo yetu mfikishie mama. Mimi niko palepale ulipokwama. Hati ina jina la babu, baba naye ameshatangulia. Hiyo mirathi inaanzia wapi?


BintiSaidi:

Mama amepokea shikamoo, marahaba.

Kwetu ilianza na kikao cha ukoo. Baba mdogo alikuwa mwenyekiti, tukaandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, wote tukasaini, mama pia. Tukaupeleka na cheti cha kifo Mahakama ya Mwanzo, ukajazwa Fomu Namba 1, tangazo likabandikwa, tukangoja siku 90 kuona kama kuna mwenye pingamizi. Hakutokea. Mahakama ikanipa Fomu Namba 4, ambayo ndiyo barua ya usimamizi. Kuanzia hapo kila ofisi iliyoniuliza "wewe ni nani kwenye nyumba hii?" nilikuwa na jibu la karatasi.

Kwako wewe kuna vifo viwili, babu na baba, kwa hiyo tegemea mafaili mawili. Usikubali mtu akakushauri usaini tu kama baba. Hiyo ni kughushi, na siku ndugu mmoja akibadilika moyo utajibu mahakamani.

Wakati nangoja zile siku 90 nikashughulikia deni la pango la ardhi, maana tangu baba afariki hakuna aliyelipa. Kodi ya jengo haikunisumbua, tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU. Watu wanazichanganya hizi mbili: ya jengo inakatwa unaponunua umeme, ya ardhi unaitafuta mwenyewe, unachukua namba ya malipo unalipa.


Fundi Mwashi:

Nimeusoma uzi kwa makini na naheshimu unavyoandika, lakini mimi nimekaa na mwiko mkononi miaka mingi na kuna jambo lazima lisemwe. Mtu anataka kuongeza chumba kimoja ili mtoto wake wa kike asilale sebuleni. Ana tofali mia nne na mifuko kumi na tano. Unamwambia atafute msanifu, mhandisi, aingie kwenye mfumo wa mtandao, asubiri kikao. Fedha ya michoro inazidi fedha ya chumba. Atajenga usiku, na mimi nitamjengea, kwa sababu yule binti anahitaji pa kulala. Siandiki hivi kwa kupenda kuvunja sheria. Naandika kwa sababu nimewaona hao watu nyumbani kwao.


BintiSaidi:

Kaka Mwashi, sina ubishi na wewe katika hilo, na sitalipitia juujuu. Gharama yangu kubwa ilikuwa michoro. Ada ya manispaa ilikuwa ndogo mno ukiilinganisha. Nilimuuliza ofisa mmoja kwa nini halmashauri isiwe na michoro yake ya chumba kimoja au choo na jiko, mtu akalipia nakala na kujazia vipimo vya kiwanja chake. Akasema wazo si geni. Kama kuna diwani anasoma humu, namuomba alibebe mpaka kwenye baraza lake, kwa sababu hicho chumba cha usiku kitajengwa tu, na bora kijengwe na mtu aliyepata pa kuuliza.

Lakini acha nikueleze kilichotokea kwetu, halafu uniambie kama ungepandisha ile ghorofa.

Baada ya Fomu 4 nilitafuta msanifu na mhandisi. Nilihakikisha majina yao kwenye orodha za bodi zao, AQRB kwa msanifu na ERB kwa mhandisi, orodha ziko wazi mtandaoni. Mhandisi alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Hakutaka kuona vyumba. Aliomba jembe. Akachimba pembe ya nyuma ya nyumba, shimo kama la kupandia mgomba, mpaka msingi ukaonekana. Akapiga magoti, akauchokonoa kwa bisibisi. Mchanga ukawa unatiririka. Akaniambia, "Dada shuka ushike." Nikashuka. Nikachukua kipande cha lile zege la baba, nikakiminya kwa vidole hivi ninavyoandikia, kikasagika kama mkate mkavu. Akaniuliza mchanga ulitoka wapi. Mama akajibu kutoka barazani: ulitoka pwani, baba alikodi mkokoteni.

Mchanga wa chumvi, tofali za nchi tano, hakuna nguzo hata moja, hakuna ringi bimu, ule mkanda wa zege unaozunguka kuta, juu ya linta. Kuta zenyewe ndizo zilizokuwa zimebeba paa tangu siku ya kwanza, ukiwemo ule tuliokuwa tumeshaubomoa nusu. Yule kijana aliutazama ule ukuta, akatoka nje bila kuongea, akarudi na miti miwili ya mirunda kutoka kwa jirani, akaegemeza kenchi kabla hajaandika neno lolote kwenye daftari lake.

Kaka, sisi tulikuwa tumepanga kuweka zege la ghorofa ya kwanza juu ya kitu kile, na mama analala chini yake.


Kaka wa Tandika:

Mwili umenisisimka. Nikakumbuka Kariakoo.


BintiSaidi:

Hata mimi. Jumamosi ya 16 Novemba 2024, lile jengo la Kariakoo lilipoporomoka, nilikuwa mjini, sikuwa mbali na pale. Jengo lilikuwa la siku nyingi, watu wana maduka ndani, na habari za wakati ule zilikuwa ni za uchimbaji uliokuwa ukiendelea chini yake. Waliopoteza maisha walizidi 20. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Kabla ya hapo kulikuwa na lile la Mtaa wa Indira Gandhi, 29 Machi 2013, ghorofa 16, watu 36 walifariki. Lile lilikuwa bado linajengwa. La Kariakoo lilikuwa linatumika, watu wanafungua maduka asubuhi. Ndiyo maana neno "imeshasimama" limenitoka kabisa kichwani kama hoja.


Fundi Mwashi:

Nimekuelewa dada. Mimi nisingepandisha. Ila ningejuaje bila kuchimba? Hatuchimbi. Mteja anasema pandisha, tunapandisha. Nimelipokea.


Mkunazini:

Assalaam alaykum. Mimi niko Unguja, Mji Mkongwe, na huku mambo ni mazito zaidi kwa kuwa mji mzima umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2000. Huombi kwa manispaa peke yake, kuna Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, na wao wanaangalia mpaka dirisha. Nilipotaka kutengeneza nyumba ya bibi niliona ni usumbufu mtupu. Kwa nini nikatazwe kupiga plasta ya saruji kwenye ukuta wangu?

Mkaguzi wao, mzee wa makamo, alinichukua hadi nyumba ya jirani yangu aliyepiga saruji miaka ya nyuma. Akagonga kwa kifundo cha kidole. Tupu. Akabandua kibamba cha plasta, nyuma yake jiwe la matumbawe limelowa na limekuwa unga. Ukuta wetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, unavuta maji kutoka chini na kuyatoa hewani. Ukiufunga kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanapanda mpaka kwenye vichwa vya boriti, na boriti za mikoko zikioza dari linashuka. Beit al-Ajaib, lile jumba la makumbusho ambalo sehemu yake ilianguka 25 Disemba 2020, ilikuwa kwenye matengenezo, na watu wawili walifariki. Tangu siku ile sijabishana tena juu ya chokaa.

Kero yangu iliyobaki ni mafundi wa chokaa wenyewe. Wazee wanaondoka, vijana wanataka saruji kwa kuwa inakauka kesho. Kibali nilikipata kabla ya kumpata fundi.


BintiSaidi:

Waalaykum salaam. Ahsante sana ndugu yangu, hili la boriti sikulijua.


Niko Maskati:

Dada, mimi natuma pesa kutoka huku, nyumba iko Kinondoni, hati ina jina langu. Ndugu yangu anaweza kuniombea? Na kuna mtu ananiambia nimpe fedha ya jumla atanimalizia kila kitu, nisihangaike na mfumo.


BintiSaidi:

Ndugu anaweza, ukimpa hati ya uwakilishi iliyothibitishwa. Anza kuulizia ubalozini hapo ulipo. Maombi siku hizi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, unajisajili kwa namba ya NIDA, na ukiwa huko huko Maskati unaweza kuona ombi limefikia wapi.

Huyo wa fedha ya jumla mkwepe. Na mimi nilijiwa na kishoka. Alinijua jina, alijua namba ya kiwanja, na alikuja na kibali kilichopigwa muhuri tayari, bado kujazwa jina tu. Alisema niweke hela kwenye simu yake. Malipo ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo ya serikali, na risiti yake inatoka kwa jina la halmashauri. Ukiambiwa utume kwa namba ya mtu, hata kama amevaa kitambulisho shingoni, hapo hakuna kibali. Na ukikamatwa na kibali bandia, wewe uliyelipa ndiye utakayeulizwa.


Mama Fremu:

Mimi sibomoi chochote, nataka kutoboa ukuta wa mbele niweke fremu mbili. Hilo nalo?


BintiSaidi:

Hilo nalo, tena lina mambo mawili, mama. Kwanza ni kutoboa ukuta unaobeba. Pili ni kubadili matumizi kutoka makazi kwenda makazi na biashara, na ombi hilo linapita kwa afisa mipango miji, majirani nao wanapewa nafasi ya kusema. Halafu pima umbali wako na barabara kabla ya kutumia hata shilingi. Fremu ikiingia kwenye hifadhi ya barabara hakuna kibali kitakachoiokoa, na hapa Dar tumeona nyumba nzima zikienda kwa sababu hiyo.


Kaka wa Tandika:

Sasa ulimalizaje? Ghorofa mliacha?


BintiSaidi:

Tuliacha. Haikuwa rahisi, kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaahidi chumba kimoja kwa mtu. Mhandisi alisema inawezekana kwa kusimamisha nguzo mpya zenye msingi wake, nyumba ya zamani isibebe kitu. Tulipopigiwa hesabu, hatukuwa na fedha hiyo. Tukabaki na yale ya mama: jiko na choo cha ndani kwa nyuma, na bimu ya zege yenye nguzo mbili mahali pa ule ukuta wa sebule.

Msanifu alichora kuta za zamani kwa mstari mweusi, za kubomolewa kwa nukta, mpya kwa rangi. Tukaingiza kwenye mfumo. Michoro ilirudishwa mara mbili. Mara ya kwanza ni mipango miji, ukuta wa choo ulikuwa umesogelea mpaka wa jirani kupita inavyoruhusiwa, tukakipunguza chumba. Mara ya pili ni afisa afya. Alikuja mwenyewe, akaangalia tulipopanga karo, halafu akachungulia juu ya ukuta. Kwa jirani kuna kisima, na ndoo ilikuwa juu ya mdomo wake ikiwa na maji. Akauliza, "Haya maji wanatumia?" Jirani mwenyewe akajibu wanapikia. Sisi tumeishi na yule mama jirani tangu nikiwa darasa la pili, nimekunywa maji ya kisima kile, na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria karo letu litakuwa linavuja kwenda wapi. Tulilihamishia upande wa barabara. Bomba likawa refu, gharama ikaongezeka, na sijutii hata senti moja.

Kilichoniuma, na nakisema kwa sababu ni kweli, ni kusubiri kikao. Kamati ya vibali ilitakiwa kukaa, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na hakuna aliyetuambia. Nilikuwa naona neno lilelile kwenye mfumo, linashughulikiwa, wiki baada ya wiki, mvua za masika zinaanza, ukuta umeegemezwa kwa mirunda na mama anaoga uani. Ujumbe mmoja wa simu kwamba kikao kimesogezwa ungetosha. Mwananchi aliyefuata utaratibu asifanywe ajute kuwa aliufuata, kwa sababu ndiye atakayemwambia jirani yake aufuate au asiufuate.

Kibali kilitoka. Nilikichapisha, nikakitia kwenye plastiki, nikakibandika kwenye nguzo ya geti, maana mkaguzi akija asihangaike kukitafuta. Na jambo moja ambalo wengi hawalijui: kibali kikitoka wakaguzi bado hujamalizana nao. Unawaita kwa hatua. Msingi ukishachimbwa na nondo zimelala, kabla ya kumwaga zege, unawaita waone. Zikishafukiwa hakuna anayeweza kuona kilicho chini.


Fundi Mwashi:

Na fundi ulimbadilisha?


BintiSaidi:

Hapana. Ni yuleyule. Alikuwepo siku ya lile shimo, na yeye alishuka akashika. Mhandisi alikaa naye nusu saa akimwonyesha mchoro wa nguzo, ringi kila baada ya nchi ngapi, kwa nini kokoto zioshwe. Tangu hapo yeye ndiye anayenikumbusha mkaguzi hajafika.

Juzi Alhamisi ndiyo ilikuwa zamu ya zile nguzo mbili. Mkaguzi alifika saa nne, akapima kina cha mashimo kwa futi yake, akahesabu nondo, akaagiza vibiringo vya zege viwekwe chini ili chuma kisiguse udongo. Fundi akaviweka yeye akitazama. Akasaini. Mama alikuwa amekaa kwenye kile kiti cha kamba, akamkaribisha chai, akanywa akiwa amesimama. Alipotaka kuondoka akaomba maji ya kunawa, na kopo la rangi nyeupe lililokuwa pale kwa ajili ya milango. Akatoka mpaka ukuta wa mbele, akaifuta ile X yeye mwenyewe.

Zege limemwagwa mchana uleule. Leo tunamwagilia maji, asubuhi na jioni. Nikifika kwenye linta nitarudi na picha.